Shuka ya Kitanda: Shika, Pima, Kisha Lipa



Somo hili linahusu shuka ya kitanda. Labda utauliza, shuka nayo ina somo gani? Mtu huenda dukani, huona shuka yenye maua, huipenda, hulipa, hurudi nyumbani. Basi.

Lakini ngoja kwanza. Piga hesabu ndogo. Mkulima anayelala saa 7 kila usiku, kwa mwaka mmoja hulala saa 2,555 juu ya shuka. Zidisha mwenyewe 7 mara 365 uone. Nguo chache tu hugusa ngozi yako kwa saa nyingi kiasi hicho.

Na fedha ya shuka haiokotwi njiani. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge hupata fedha kubwa mara moja kwa mwaka, baada ya soko. Mkulima wa pamba wa Igunga au Nzega naye ni hivyo hivyo. Fedha hiyo inasubiriwa na watu wengi. Kuna deni la pembejeo. Kuna sare za watoto. Kuna bati la kumalizia nyumba. Wachuuzi nao wanaujua msimu huo kuliko hata sisi wenyewe. Siku ya mnada utawaona wamepanga mashuka yanayong'aa, rangi za kila aina. Mkulima akinunua shuka mbaya leo, hapati fedha ya kununua nyingine mpaka msimu ujao. Atalala juu ya kosa hilo mwaka mzima.

Kwa hiyo tusome.

SHUKA ILIPOKUWA FEDHA

Watu wa Tabora hatuna haki ya kudanganywa katika shuka, maana njia ya nguo ilipita mlangoni kwetu.

Zamani, kabla ya reli, misafara ilitoka pwani, Bagamoyo, ikaja Unyanyembe. Unyanyembe ndiyo nchi ulipo mji wa Tabora. Kutoka hapa misafara mingine iliendelea mpaka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa ratili 70 hivi, yaani kama kilo 32. Kwenda pwani alibeba pembe za ndovu. Kurudi bara alibeba shanga, waya za shaba, na zaidi ya vyote, nguo.

Nguo iliyotakiwa sana iliitwa marekani. Wengine husema amerikani. Ni kitambaa cha pamba, kizito, kisichotiwa rangi wala kufanywa cheupe. Kilifumwa katika viwanda vya Marekani, na wafanyabiashara wa mji wa Salem walikileta Unguja kwa meli. Marekani na Sayyid Said wa Unguja walifanya mkataba wa biashara mwaka 1833. Baadaye, kati ya mwaka 1861 na 1865, Wamarekani walipigana vita wao kwa wao, na nguo hiyo ikawa adimu. Lakini jina halikufa. Mpaka leo ukisema "marekani" mbele ya fundi cherehani, anaelewa kwamba unataka kitambaa na kwamba hukuulizia habari za nchi.

Wakati ule nguo ilikuwa fedha. Chakula kilinunuliwa kwa nguo. Hongo ya watemi ililipwa kwa nguo. Mishahara pia. Na fedha yoyote lazima iwe na vipimo vyake. Vipimo vya nguo vilikuwa hivi:

Mkono 1 ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Ni kama inchi 18.
Mikono 4 ni shuka 1, yaani yadi 2.
Shuka 2 ni doti 1, yaani yadi 4.

Umeona? Neno shuka lilikuwa kipimo. Neno doti bado tunalo: doti moja ya khanga ni khanga mbili.

Mwaka 1871 mwandishi wa magazeti Henry Stanley alikuwa Unguja akijitayarisha kuja bara kumtafuta Dakta Livingstone. Hakujua anunue nguo kiasi gani. Aliambiwa na wafanyabiashara kwamba doti 10 kwa siku zinatosha kulisha watu 100. Basi doti moja ililisha watu 10, na shuka moja ililisha watu 5 kwa siku moja.

Dakta Livingstone mwenyewe aliona ubaya wa kukosa nguo. Mwaka huo huo wa 1871 alirudi Ujiji akiwa mgonjwa na amechoka. Alitegemea kukuta mali aliyoletewa kutoka pwani, na ndani yake yadi 3,000 za kitambaa. Hakukuta hata yadi moja. Mtu aliyekabidhiwa mali ile alikuwa ameiuza yote. Tugawanye: yadi 3,000 kwa 2 ni shuka 1,500. Kwa kipimo cha Stanley hicho ni chakula cha siku moja kwa watu 7,500. Livingstone akabaki maskini katika nchi ya watu. Stanley alipomkuta, walikuja pamoja mpaka Kwihara, karibu na Tabora, na nyumba waliyokaa ipo hata leo. Ni makumbusho. Darasa lenu likipata nafasi, nendeni mkaione.

Sasa fikiri jambo moja. Mkono wa mtu mrefu si sawa na mkono wa mtu mfupi. Shuka iliyopimwa kwa mkono mfupi ilipungua. Asiyejua kupima aliondoka na nguo pungufu huku akidhani amelipwa sawasawa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, misafara ya wapagazi ikaisha. Je, nguo pungufu nazo ziliisha? Tutaona mbele.

KITAMBAA GANI?

Kwanza shika. Shuka iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni huwezi kuijua. Omba ifunguliwe. Muuzaji akikataa kabisa, nenda kwa mwingine.

Mashuka yaliyo masokoni kwetu ni ya namna tatu. Kuna ya pamba tupu. Kuna ya poliesta, yaani nyuzi zinazotengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli. Na kuna ya mchanganyiko wa pamba na poliesta, ambayo wazee wengi wanauita tetroni.

Pamba hunywa jasho. Ndiyo sifa yake kubwa. Hapa kwetu mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, nyumba ya bati haipoi mpaka usiku wa manane. Ukilalia poliesta wakati huo, jasho halina pa kwenda. Linabaki kati yako na shuka, unagaagaa mpaka jogoo anawika. Mtoto mchanga hutoka vipele vya joto, na mgonjwa wa homa huteseka zaidi. Kwa watu hao wawili mimi sioni haja ya kubishana: pamba.

Ubaya wa pamba ni kwamba hukunjamana, huchelewa kukauka, na hupungua ikifuliwa. Poliesta haikunjamani, hukauka upesi, na rangi yake hudumu. Tetroni iko katikati, na si kitu cha kudharau. Mtoto anayekwenda shule ya bweni, ambaye atafua shuka yake Jumamosi asubuhi na kuitandika jioni, tetroni itamfaa. Ila kabla hujamnunulia, soma fomu ya kujiunga na shule. Shule nyingi hutaja rangi na idadi ya mashuka. Wazazi hununua ya maua, kumbe shule inataka ya rangi moja.

Utajuaje hii ni pamba? Soma lebo. Lebo ni kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye pindo, au karatasi ndani ya mfuko. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini usiogope, maneno ni mawili tu. COTTON maana yake ni pamba. POLYESTER maana yake ni poliesta. Mbele ya neno kuna namba. 100% COTTON ni pamba tupu. Ukiona POLYESTER 65% na COTTON 35%, basi katika kila sehemu 100 za nyuzi, 65 ni poliesta. Mtu aliyesoma kisomo anaweza kusoma lebo hiyo bila kumwuliza mtu.

Lakini lebo hudanganya pia. Yuko mwenye kushona lebo ya pamba juu ya poliesta. Kwa hiyo kuna jaribio la uzi. Omba uzi mmoja unaoning'inia kwenye pindo. Nenda nao nje, mbali na nguo, uuchome kwa kiberiti. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na hubaki majivu laini ya kijivu. Uzi wa poliesta hujikunyata, huyeyuka, na hubaki kitone kigumu cheusi. Usikiguse kikiwa cha moto, kitakuunguza. Uzi wa mchanganyiko hufanya yote mawili, huwaka na kuacha punje punje ngumu.

Kisha inua shuka, uitazame kwenye jua. Ukimwona muuzaji upande wa pili, nyuzi ziko mbali mbali, haitadumu. Halafu shika sehemu ya kitambaa kwa mikono miwili, uisugue yenyewe kwa yenyewe kwa nguvu. Unga mweupe ukidondoka, huo ni wanga. Wanga hupakwa ili kitambaa chepesi kionekane kizito. Ukifua mara moja wanga wote huondoka na maji, nawe unabaki na chandarua. Mwisho, lowesha kitambaa cheupe, usugue sehemu yenye rangi nzito. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia kwenye foronya na kwenye kanzu yako ya kulalia pia.

Kung'aa kwa shuka kusikudanganye. Shuka nyingi zinazong'aa ni poliesta, huteleza usiku mpaka asubuhi unaikuta imekusanyika miguuni. Na ukiwa na kitanda cha kamba au cha mbao isiyopigwa randa, nyuzi zake hunasa na kuchomoka.

Neno moja kuhusu mitumba. Wako wanaoona aibu kununua shuka ya mitumba. Mimi nasema mashuka mengine ya mitumba ni mazito na mazuri kuliko mapya ya bei hiyo hiyo. Yamekwisha kupungua, yamekwisha kulainika. Angalia katikati tu, mahali mtu anapolala. Hapo ndipo shuka inapochakaa kwanza. Pakiwa pembamba kuliko kando, iache. Ukiinunua, ichemshe, uianike juani kutwa, ndipo uitumie.

KIPIMO

Sasa tumefika penye udanganyifu wa zamani uliovaa nguo mpya. Sikiliza mazungumzo haya. Ni mama mtu mzima na kijana mchuuzi, siku ya mnada.

"Mama, chukua hii. Tano kwa sita."

"Tano kwa sita ya godoro au ya kitambaa, mwanangu?"

"Ni tano kwa sita tu, mama. Imeandikwa hapa."

"Naona imeandikwa. Nimesoma. Hebu ikunjue tuipime."

Mama akatoa tepu ya fundi kwenye pochi yake. Upana ulikuwa inchi 60. Urefu ulikuwa inchi 72.

"Mwanangu, hii ni sawa na uso wa godoro langu. Nitachomeka nini chini?"

Mama yule alikuwa na haki. Futi 5 ni inchi 60, na futi 6 ni inchi 72. Shuka ile inatosha kufunika juu ya godoro tu. Haifuniki ubavuni, wala haiingii chini. Mtu akigeuka mara mbili, shuka imetoka na amelalia godoro tupu. Na ikifuliwa itapungua tena. Ajabu yake ni kwamba inchi 72 ni yadi 2, yaani ile ile shuka ya mikono 4 ya wakati wa misafara. Ilitosha kumfunga mpagazi kiunoni. Godoro halikufikiriwa.

Kumbuka basi: namba iliyoandikwa huenda ni ya godoro, huenda ni ya kitambaa. Usibishane na mchuuzi. Pima. Kama huna tepu, kata kamba nyumbani kwa kipimo unachotaka, ufunge fundo, uende nayo.

Kipimo unachotaka hupatikana hivi. Tuchukue godoro la futi 4 kwa 6, lenye unene wa inchi 6.

Upana: godoro ni inchi 48. Ubavu wa kulia 6 na wa kushoto 6, jumla 60. Ongeza 8 kila upande za kuchomeka chini, jumla 76. Ongeza 2 za pindo. Tunapata inchi 78.

Urefu: godoro ni inchi 72. Upande wa chago 6 na wa miguuni 6, jumla 84. Za kuchomeka 8 na 8, jumla 100. Pindo za juu na chini 4. Tunapata inchi 104.

Kama kitambaa ni pamba ambayo haijafuliwa, kinaweza kupungua inchi 5 katika kila 100, pengine zaidi. Kwa hiyo urefu nunua inchi 109, ambazo ni karibu mita 2 na sentimita 80.

Godoro lako likiwa nene zaidi, badili namba za ubavu. Watu husahau unene. Godoro la sponji la inchi 10 hula kitambaa kingi kuliko godoro la sufi lililokwisha kulala.

KUSHONESHA

Dukani waweza kununua marekani au kitambaa kingine cha pamba kwa mita, ukampelekea fundi. Tatizo ni upana. Vitambaa vingine vina upana wa inchi 36 tu, kwa hiyo huna budi kuunga vipande viwili. Fundi mvivu ataunga katikati. Utalalia mshono kila usiku, mgongo utakueleza.

Mwambie fundi afanye hivi. Kipande cha kwanza kibaki kizima. Kipande cha pili akipasue katikati kwa urefu, kipate kuwa vipande viwili vyembamba vya inchi 18. Kimoja akiunge kulia, kimoja kushoto. Zile kingo zilizopasuliwa ziingie ndani ya mshono, na kingo za kiwandani ziwe nje, maana hizo hazifumuki. Sasa katikati pana inchi 36 bila mshono, na mishono miwili iko kando. Upana wote utakuwa kama inchi 70. Haufiki 78 tulizotaka, lakini kwa godoro letu la mfano utabaki na inchi 5 hivi za kuchomeka kila upande. Inatosha kwa mtu asiyelala kwa fujo.

Kabla ya kukata, kitambaa kifuliwe kwanza kwa maji ya moto na kikauke. Fundi akishona kitambaa kibichi, shuka itapungua baada ya kushonwa na mishono itajikunja. Marekani mpya ni ngumu na hukwaruza. Usikate tamaa. Ifue mara nne au tano, uianike juani, italainika na kuwa nyeupe zaidi kila mara.

Shuka ya kuunga ina faida nyingine. Kipande cha katikati kikichakaa, hufumuliwa kikatolewa. Vipande vya kando, ambavyo bado vina nguvu, vinaungwa na kuwa shuka ya kitanda cha mtoto. Kile kilichochakaa kinakatwa vitambaa vya kumfutia mtoto mchanga, maana kimelainika sana. Hata shuka nzima ya dukani hufanyiwa hivyo: inapasuliwa katikati, kingo zinakuwa katikati na katikati inakuwa kando. Mshono utakuwepo, ndiyo, lakini umepata mwaka mwingine.

BEI

Bei hubadilika. Namba zifuatazo ni za mfano wa hesabu tu.

Shuka ya kwanza inauzwa shilingi 12,000. Inadumu miezi 8. Gawanya: shilingi 1,500 kwa mwezi.

Shuka ya pili inauzwa shilingi 24,000. Inadumu miezi 30. Gawanya: shilingi 800 kwa mwezi.

Katika miezi 30 mnunuzi wa shuka ya kwanza atakuwa amenunua mara 4. Atakuwa ametoa shilingi 48,000, na wakati wote amelalia kitu kibovu.

Shuka ya tatu ni ya kushonesha. Inahitaji mita 5 na sentimita 60. Mita moja ikiwa shilingi 3,000, kitambaa ni shilingi 16,800. Fundi tumpe 2,500. Jumla 19,300. Nayo ikidumu miezi 30, ni kama shilingi 643 kwa mwezi. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, ingawa dukani ile ya kwanza ilionekana rahisi.

Utasema, "Mwalimu, hesabu ni nzuri, lakini mimi nina shilingi 12,000 tu mkononi." Ni kweli, na hesabu haijazi mfuko. Basi usikope kwa ajili ya shuka. Tafuta ya mitumba kwa kuichagua vizuri. Au nunua kitambaa nusu sasa na nusu msimu ujao. Wakati huo huo tandika khanga au kitenge cha pamba kilichochakaa. Wala si aibu. Khanga iliyofuliwa mara nyingi ni laini kuliko shuka nyingi za dukani.

Kama fedha ipo, je, ununue shuka moja ya bei kubwa au mbili za bei ya kati? Mimi nashauri mbili. Moja ikiwa kwenye kamba, nyingine iko kitandani. Mwenye shuka moja hufua akiangalia mawingu, na masika ikikaza hafui kabisa.

Jambo hili wazungumze mume na mke kabla ya siku ya mnada, wakiwa wameandika karatasi yenye vipimo na kiwango cha fedha. Mume akitumwa peke yake bila karatasi, hurudi na redio.

KUTUNZA

Fua shuka kila wiki ukiweza. Wakati wa vumbi huenda ikahitaji zaidi. Wengine huchagua rangi nzito ili uchafu usionekane. Uchafu usioonekana upo pale pale, na nyeupe ina faida kwamba inakuambia ukweli.

Mtu wa nyumbani akiwa na upele, siku anapoanza kupaka dawa fua mashuka na nguo zote za kulalia kwa maji ya moto, uzianike juani. Wote wanaolala pamoja naye wapate dawa pia, hata kama hawajiwashi. La sivyo upele unazunguka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na kurudi.

Anika shuka kwenye kamba, juani. Usiianike juu ya majani, chini, wala kivulini. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyo chini au kivulini. Mayai huanguliwa, na mtu akilalia nguo ile, funza huingia katika ngozi na kuleta jipu. Pasi ya moto, pande zote mbili na hasa kwenye mapindo, huua mayai hayo. Na usianike juu ya miiba. Tundu moja dogo, kwa mwezi mmoja, mtoto hupitisha mguu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Wakati wa misafara, shuka moja ilikuwa mikono mingapi? Doti 3 ni yadi ngapi?
2. Lebo imeandikwa POLYESTER 80%, COTTON 20%. Je, hii inafaa kwa mtoto mchanga? Kwa nini?
3. Godoro ni futi 5 kwa 6, unene inchi 8. Tafuta upana na urefu wa shuka inayotosha.
4. Shuka ya shilingi 15,000 ilidumu miezi 10. Nyingine ya shilingi 21,000 ilidumu miezi 24. Kila moja iligharimu kiasi gani kwa mwezi?

KAZI YA NYUMBANI

Pima godoro lako leo, uandike urefu, upana na unene katika daftari. Kisha chukua kalamu ya wino usiofutika. Kwenye pembe ya shuka uliyonayo, upande wa ndani wa pindo, andika mwezi na mwaka ulioinunua, na bei uliyolipa. Kama hukumbuki, muulize mwenzako nyumbani. Siku shuka hiyo itakapotoboka, leta daftari darasani tugawanye bei kwa miezi.